Malipenga ya Mabua ya Mpapai

Asubuhi ya Jumamosi hiyo watoto walikuwa wamejaa uani kwangu wakigombania utando wa buibui. Sisemi ule wa kunasia nzi, huo hauna kazi. Tulioutaka sisi ni ule mweupe, mdogo kama kifungo cha shati, ambao buibui huubandika ukutani kufunika mayai yake. Ukiubandua kwa ukucha bila kuuchana, ukautandaza juu ya tundu la lipenga na kuushika kwa nta, unatetema. Hapo ndipo sauti inapotoka. Lipenga halipulizwi kama filimbi, linaimbiwa. Unaweka mdomo, unaimba, na ule utando unaigeuza sauti yako iwe kali kama ya bendi ya askari.

Ukuta wa nyuma wa jiko langu ulikuwa na buibui wengi, na mimi nilikataza mtu yeyote kuufagia. Majirani walisema Felista ni mvivu. Waseme. Kila Jumamosi watoto wao walikuwa kwangu tangu asubuhi, na hakuna mama hata mmoja aliyekuja kuwafuata kabla ya chakula.

Baba yangu alikuwa fundi wa malipenga ya mganda. Mganda ni ngoma ya wanaume wa pwani yetu ya ziwa, wanaocheza kwa mistari wamevaa kaptula nyeupe, na malipenga yake ya kweli ni vibuyu vya shingo ndefu vilivyoungwa kwa nta. Watoto wa kiume wa baba walikwenda Mbinga kutafuta vibarua vya kahawa, kwa hiyo aliyebaki kumshikia nta alikuwa mimi. Wanaume walinitania mpaka nikazeeka nao. "Mwanamke na lipenga, wapi na wapi? Kacheze kioda na wenzako." Niliwajibu kwamba kioda, ngoma yetu ya wanawake, nacheza, lipenga natengeneza, na ugali wanaoula wakitoka kucheza naupika mimi vilevile.

Vibuyu vya watu wazima watoto hawakupewa. Ndipo tukaanza kutumia vya nyumbani. Bua la jani la mpapai lina uwazi ndani, ukilikata vizuri unapata mwili wa lipenga. Shingo ya dumu lililopasuka inafaa kwa mdomo wa kutolea sauti. Debe bovu likivalishwa mpira wa tyubu ya baiskeli ni ngoma. Vizibo vya soda vikitobolewa na kutungwa kwenye waya ni kayamba. Na buibui wakiadimika, upo mfuko wa nailoni.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla yake dukani hamkuwa na kitu, hata sabuni tuliiota ndotoni. Halafu ghafla vitu vikaja: mitumba, redio za kaseti, sukari iliyofungwa kwenye mifuko ya nailoni nyepesi kama ganda la kitunguu. Vyote viliingia kijijini kupitia duka la Bwana Shaibu, mtu wa pwani ya bahari aliyehamia kwetu akiwa kijana na kuoa huku huku. Alikuwa mnene, msafi, kofia haimtoki kichwani. Watoto walimsumbua kila siku wakiomba mifuko. "Mama Beni," alinilalamikia, "wallahi, wanao wanataka mfuko bila sukari! Nimeona mengi katika biashara, hili sijaliona." Lakini aliwapa.

Beni alikuwa mwanangu, wa pekee. Baba yake alifariki Beni akiwa mgongoni. Nitamsema kama alivyokuwa: mbishi, mwembamba, mchafu wa magoti, na sikio lake lilimshinda hata babu yake. Mtoto mwingine akikosea wimbo, Beni alisimamisha bendi nzima ya madebe na kumrudisha mwanzo, mpaka wenzake wakamwita Kepteni kwa kumkejeli. Yeye akalichukua jina hilo kama cheo halali. Nilijifanya kumkemea. Ukweli nilikuwa natembea kijijini shingo imenyooka kwa sababu yake.

Kuna desturi moja lazima niieleze, maana bila hiyo haya mengine hayaeleweki. Kundi la mganda likienda kucheza kijiji kingine haliingii hivi hivi. Linasimama mpakani, na mpiga wito anatoka mbele, anakaa mbali na wenzake ili asikike vizuri peke yake. Anapiga wito wa kijiji wanachotaka kuingia. Wito huo ni nusu ya wimbo, unakatika pale pa kuvutia pumzi. Wanaoijua nusu ya pili ni watu wa kijiji hicho tu na wale waliokaribishwa kuijua. Wa ndani wakijibu, mnaingia. Wasipojibu, mgeni hakanyagi. Anaweka ngoma chini na kumtuma mwanamke mmoja, mikono mitupu, akaulize kulikoni. Watu wazima walifanya hivyo mara chache kwa mwaka. Watoto wangu walifanya kila Jumamosi, nusu wakikaa mlangoni na nusu nyuma ya jiko, na Beni hakumruhusu mtu kuingia kwenye ua wangu mwenyewe kabla hajajibu sawasawa. Siku moja alimzuia mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alisimama pale na baiskeli yake, akacheka, akajibu.

Vita ilikuwa ng'ambo, waasi wakipigana na serikali ya huko. Sisi tuko kusini mwa Mbamba Bay, na kutoka kwetu hadi mpaka wa Msumbiji ni mwendo wa mtu mwenye miguu mizuri. Watu wa ng'ambo ni ndugu zetu, tunasema Kinyasa kimoja na tunazikana. Walikuja kwa mitumbwi, familia kwa familia, wengine wamebeba kuku tu. Tuliwagawana majumbani. Kwangu alikaa mama mmoja aliyeitwa Amelia, mkimya, mchapakazi, aliyekuwa akianika usipa wangu, dagaa wa ziwa letu, vizuri kuliko mimi.

Jioni moja tukitwanga, Amelia aliniambia neno ambalo nililichukulia kama maneno ya mtu aliyeumia.

"Dada, wale wakija wanachoma kwanza. Halafu watu wakishakimbia, wanawaita. Wanawaita kwa lugha ya nyumbani, kwa upole. Wanasema tokeni, wameondoka."

"Na mkitoka?"

Aliendelea kutwanga.

Siku ya Jumamosi ile, utando wa buibui ulipokwisha gawanywa, niliwatuma watoto wakubwa mashambani. Mahindi yalikuwa yanakomaa na nyani walikuwa wanashuka. Shamba letu liko juu ya mlima, na hakuna kinachomkera nyani kama debe na lipenga. Beni alikwenda na wenzake watatu au wanne, na mdogo wangu Tekla akaenda nao kuwapikia. Tekla alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka. Nilimwambia apumzike. Akaniambia amechoka kunisikia nikimwambia apumzike.

Mimi nilishuka ufukweni kugeuza usipa.

Nilikuwa nimeinama juu ya kichanja niliposikia mlio wa kwanza. Nilidhani ni debe. Kweli, nilidhani ni wanangu, na nikatabasamu.

Halafu nikaona Amelia anakimbia. Hakupiga kelele. Alikuwa ameshafunga kanga, amembeba mtoto wa jirani, na alikuwa anakimbia kuelekea kaskazini kwenye matete.

Nikamfuata.

Moshi ulianza upande wa shule. Kisha dukani.

Watu walikuwa wanatawanyika kama walivyoweza, wa juu kwenda mlimani, wa chini kwenda mtoni. Hapakuwa na nafasi ya kuvuka kijiji. Mwanangu alikuwa juu. Mimi nilikuwa chini, na katikati yetu walikuwa wao.

Bwana Shaibu alitukuta kwenye matete, ndani ya maji, bila kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia. Alikaa karibu yangu na kusoma dua kimoyomoyo, na watoto wadogo waliokuwa wamekimbia nasi wakamshika shati.

Tulikaa humo.

Sina mengi ya kusimulia juu ya kukaa majini. Ulikuwa usiku wa baridi, na mama mmoja aliziba mdomo wa mwanawe kwa mkono wake mpaka Amelia akamwondoa vidole kimoja kimoja ili mtoto apumue. Asubuhi tulisikia sauti ya Kiswahili ya amri, halafu injini ya boti. Askari wetu walikuwa wamefika kutoka Mbamba Bay.

Kijiji kilikuwa kimeungua. Waasi walikuwa wamekwenda zao na walichoweza kubeba, na walichoshindwa walikuwa wamewabebesha wanaume wetu. Tulizika waliouawa kabla jua halijapanda. Nisamehewe, hilo sitalieleza. Walizikwa kwa heshima, na makaburi yao tunayapalilia mpaka leo.

Waliobaki walikuwa milimani, katika makorongo, nusu ya kijiji, na mawingu yalikuwa yanakusanyika. Mvua ya mlima wetu ikinyesha, makorongo yale yanakuwa mito. Sajini aliyeongoza askari alijua hivyo. Alipanda kwenye mwamba na kipaza sauti akatangaza kwamba hali ni shwari, wananchi warudi. Alitangaza vizuri, Kiswahili safi. Hakutoka mtu. Akamweka mwenyekiti atangaze kwa Kinyasa. Mwenyekiti alilia katika kipaza sauti, akawaita watu kwa majina. Hakutoka mtu.

"Hawasikii?" aliuliza sajini.

"Wanasikia," nilimwambia. "Ndiyo maana hawatoki. Jana waliitwa hivyo hivyo."

Hilo nililisema kwa kukisia, kwa maneno ya Amelia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sajini alisema basi vijana wake wataingia kwenye makorongo wawatoe. Nikamwambia akiingiza watu wenye bunduki mle, walio ndani watakimbilia juu zaidi, na wapo wazee na wajawazito, na mvua inakuja. Alinitazama. Nilikuwa nimelowa, nina matope hadi kwenye nywele, na nafikiri aliona mwanamke aliyechanganyikiwa.

"Sasa mama, wewe unashauri nini?"

"Nipe watoto na kisu."

Nataka nieleze vizuri tulivyofanya, kwa sababu nimewahi kusikia watu wakisimulia kwamba askari ndio waliotoa watu. Walisaidia, Mungu awabariki. Lakini sikilizeni.

Malipenga yote yaliyokuwa kijijini yaliungua. Vibuyu vya wanaume, vile walivyokuwa wanatunyima, vilikuwa majivu. Ukuta wa jiko langu ulikuwa umeanguka na buibui wake. Lakini mpapai hauungui upesi, una maji. Mitatu nyuma ya jiko ilikuwa imesimama, majani yamekunjamana. Watoto waliokuwa nami majini, wadogo, wa miaka saba na minane, waliyakata mabua yake bila kuambiwa urefu. Walijua. Msichana mmoja aliyeitwa Vero alinirudishia moja nililokata mwenyewe. "Mama Beni, hili lina ufa." Nilitamani kumkumbatia.

Tundu tulilitoboa kwa msumari uliookotwa mlangoni kwangu, pale mlango ulipokuwa. Nta hatukuwa nayo. Bwana Shaibu alikwenda akachakura kwenye majivu ya duka lake na kurudi na donge la mishumaa iliyoyeyukiana, rangi zote. Kisha akarudi tena akachimba chini ya mawe ya kaunta, akatoka na bunda la mifuko ya nailoni, ya nje imeungua, ya katikati mizima. Aliniwekea mikononi kama mtu anayetoa mahari.

"Bila sukari," alisema.

Nilicheka. Katikati ya kijiji kilichoungua nilicheka kwa sauti, na watoto wakacheka, kisha tukaanza kuyeyusha mishumaa.

Nailoni ina hila yake. Ukiivuta sana, lipenga linakoroma. Ukiilegeza, linanyamaza. Lazima uipashe moto kidogo kwa mbali ili ijivute yenyewe, na watoto walizijaribu moja moja, wakizitupa mbovu bila huruma. Askari walisimama kutuangalia. Sajini mwenyewe mwisho aliinama, akachukua singe yake akaanza kukata mabua, akakosea, Vero akamrekebisha, akasema, "Sawa, mwalimu." Debe la ngoma lilipatikana kwa mkebe wa mafuta wa jeshi na tyubu ya baiskeli ya mwenyekiti. Bwana Shaibu alitaka naye lipenga. Alipuliza mpaka macho yakamtoka, hakuna kitu. "Linaimbiwa, babu!" watoto walimwambia. Akaimba. Kilitoka kitu kama mbuzi anayelia zizini, lakini kilitoka.

Tulipanda mlimani watoto mbele, mimi nyuma yao, askari nyuma kabisa, wamekubali kukaa wasipoonekana. Kwenye ukingo wa korongo la kwanza Vero alitoka mbele peke yake. Nilitaka kumrudisha, alikuwa mdogo mno. Lakini mpiga wito husimama mbali na watu wake. Alipiga.

Tulingoja. Upepo ulikuwa mkali.

Kutoka chini, ndani ya vichaka, ikaja nusu ya pili.

Haikutoka kwenye lipenga. Ilikuwa nyembamba, yenye mkwaruzo, na sote tuliijua sauti hiyo kwa kuwa tuliwahi kuitengeneza: kitana cha nywele kilichofunikwa nailoni. Kulikuwa na mmoja wa watoto wa uani kwangu mle ndani. Watu walianza kutoka kwenye vichaka, bibi mmoja wa mbele akipanda kwa mikono na magoti kwa sababu ya mteremko, na mvulana mwenye kitana nyuma yake, bado anapiga, hataki kuacha.

Korongo la pili walijibu kwa bua la muhogo na kipande cha karatasi ya dawa. La tatu kwa kopo la maziwa. Kila kundi lilikuwa na mtoto mmoja au wawili wa uani kwangu, na kila mtoto alikuwa ametumia alichonacho. Mwanaume mmoja, bingwa wa mganda, ambaye kwa miaka yote aliniuliza mwanamke na lipenga wapi na wapi, alipanda kutoka korongoni amembeba mama yake mgongoni. Alipofika kwangu alimshusha, akavua kofia. "Shikamoo," aliniambia. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Niliipokea.

Nilivimba kichwa siku ile, sifichi. Niliwatazama wale watoto wenye kamasi na magoti yaliyochubuka, wanatembea mbele ya jeshi la nchi, na nikajisemea, hawa ni wangu, hawa nimewafundisha mimi. Na kila korongo lilipojibu nilisikiliza kama ni Beni. Upigaji wake ningeujua. Sikuwa na wasiwasi mkubwa. Kwa sikio lile, niliwaza, huyu atajibu kabla hatujamaliza.

Korongo la mwisho lilikuwa lile lililo juu ya shamba letu.

Vero alipiga. Kimya.

Akapiga tena, vizuri kuliko mwanzo.

Matone ya mvua yalianza.

"Hakuna mtu humu," alisema sajini.

"Wapo."

"Umejuaje?"

Nilimwonyesha majivu ya moto mdogo chini ya jabali, yamefunikwa udongo kwa uangalifu. Tekla hufunika moto hivyo. Sajini akainua mkono kuwaita vijana wake. Nikamkamata ule mkono. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumshika sajini. Nilimwambia wenyeji wasipojibu, mgeni hakanyagi, anatumwa mwanamke.

Niliteremka nimenyoosha mikono, viganja wazi. Miiba ilinichana, sikuijali. Nilikuwa natamka jina la mdogo wangu polepole, bila kupaza.

Waliketi chini ya mwamba mpana, wamebanana, wazee, wanawake, watoto. Tekla alikuwa ameegemea jiwe na kanga yake ilikuwa na damu, na ndani ya kanga palikuwa na mtoto mchanga, mzima, anasinzia. Alitazama nyuma yangu, juu, kule ilikotoka sauti ya lipenga.

"Yuko wapi?" aliniuliza. "Wamemwacha?"

"Nani?"

"Beni. Si ndiye anayepiga?"

Nilikaa chini.

Walituambia baadaye, wote kwa pamoja, kila mmoja na kipande chake, lakini nitaeleza kama Tekla alivyonieleza, maana yeye haongezi chumvi. Jioni ya Jumamosi sauti ziliita kutoka chini ya korongo. Kwa Kinyasa, kwa upole. Ndugu zetu tokeni, wameondoka, kuna chakula. Watu walianza kuinuka. Mzee mmoja alikuwa ameshashika fimbo yake, na Tekla, ambaye uchungu ulikuwa umemwanza, alikuwa analia kwa furaha. Beni akasema, "Subirini. Hatujawauliza."

Akatoka. Hakupiga pale walipokuwa. Alitambaa mpaka kwenye mwamba wa upande wa pili wa korongo, mbali nao, akasimama, akapiga wito.

Sauti zikanyamaza.

Akapiga mara ya pili. Wale wakaita tena, tokeni, kwa sauti kubwa zaidi, bila wimbo wowote. Mzee akaketi chini na fimbo yake. Kila mtu chini ya ule mwamba alielewa.

Beni akapiga mara ya tatu, na sasa alikuwa mbali zaidi, ng'ambo ya kilima. Walisikia watu wanakimbia vichakani kuelekea huko. Hawakusikia bunduki. Walisikia lipenga linakatika katikati, halafu hawakusikia kitu tena.

Kwa hiyo kesho yake lipenga liliposikika tena, likipiga wito ule ule, walidhani ni yeye, amesimamishwa mbele ya bunduki, analazimishwa. Na Beni alikuwa amewafundisha wasiwatokee watu walioshindwa kuujibu wito. Walikaa kimya wakimsikiliza mtoto wangu, kama walivyodhani, akiwaita, na Tekla alijiuma mkono ili asiitike. Alama ya meno anayo.

Tuliwatoa wote. Mvua ilipokuja kwa nguvu walikuwa juu, na korongo lile lilijaa maji ya matope hadi kwenye ule mwamba. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Askari walifuata nyayo mpaka mpakani wakarudi. Baadhi ya wanaume waliobebeshwa mizigo walitoroka na kurudi baada ya majuma. Mmoja alimwona Beni, hai, amebeba sukari ya Bwana Shaibu kichwani, upande wa pili wa mto. Alisema mtoto hakuwa analia. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Vita ya ng'ambo ilipokwisha, Amelia na wenzake waliporudi kwao, nilikwenda nao. Nilipita kijiji hadi kijiji nikiuliza, na kila mahali nilipewa kiti na maji, na hakuna aliyejua. Kule nako mama wengi walikuwa wanauliza.

Wapo walioniambia, kwa kunihurumia, kwamba kama mtoto angenyamaza angekuwa hai. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, walisema. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko wao. Ni kweli, angenyamaza, labda ningekuwa na wajukuu. Na wangetoka wote chini ya ule mwamba kwenda kwenye chakula walichoahidiwa, na mdogo wangu na uchungu wake. Nimewahi pia kujiuliza kama alikwenda mbali kwa sababu desturi inasema mpiga wito akae mbali na watu wake, au kwa sababu alijua watafuata sauti. Mara ya kwanza, nadhani, ilikuwa desturi. Ile ya tatu, ng'ambo ya kilima, hapana. Hiyo aliifanya kwa akili yake. Sikumfundisha.

Mwanangu nilimpenda na ninamwonea fahari, na moja halipunguzi lingine hata kidogo.

Padri aliniuliza mara kadhaa kama jina la Beni lisomwe kanisani Siku ya Marehemu Wote. Nilikataa. Sikuwa na kaburi. Miaka ikapita, nywele zikawa nyeupe, na mwaka mmoja nikamwambia basi, lisomwe. Sikumwambia mtu mwingine yeyote. Siku hiyo alisoma majina kama kawaida, watu wameketi, na alipofika kwa Benedikto mwana wa Felista nikasikia benchi linalia nyuma yangu. Niligeuka. Tekla alikuwa amesimama. Pembeni yake alikuwa amesimama yule binti yake aliyezaliwa chini ya mwamba, amebeba mtoto wake. Halafu akasimama mwingine, na mwingine, upande wa wanaume na upande wa wanawake, wote waliokuwa korongoni ambao bado wako hai, na watoto wao, na watoto wa watoto wao, mpaka ikawa kama kanisa zima limesimama. Hakuna aliyekuwa amewaamuru. Padri aliacha kusoma akangoja.

Mimi sikusimama. Sikuwa korongoni. Nilikaa pale pale kwenye benchi langu nikawatazama, mmoja mmoja, bila haraka.